Kichwa na mkia tu

Mume wangu ana ugonjwa wa kujibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Ukianza, "Baba Pacha, hivi unaonaje...", mwenzio keshasema ndiyo, tena mkono keshaupeleka kwenye hilo alilolikubali. Siku aliyokuja kwetu kunichumbia, baba yangu alikuwa hajamaliza kueleza, yeye anaitikia tu, ndiyo mzee, ndiyo mzee, mpaka shangazi akamwambia, "Mwanangu, vuta pumzi basi, hatujafika penye uzito." Nyumba nzima ikacheka. Nami nilicheka, mjinga mimi, sikujua kwamba kicheko kile nitakuja kukilipia miaka yote.

Huyu mwanamume haoni. Macho yalimpotea akiwa mtu mzima, kwa presha ya macho, polepole, giza likianzia pembeni na kusogea katikati. Zamani alikuwa mpanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapaji, na nakuambia, hakuwa na mfano. Wewe bado unatafuta miwani, yeye keshaona nukta iliyokaa vibaya chini ya ukurasa. Yalipokwisha macho, kiwandani walimshika mkono, wakampa pole, akarudi nyumbani, akalala akaugeukia ukuta. Nilikuwa nampelekea chai, narudi naikuta ilipo, imepoa na utando juu. Alilala hivyo zaidi ya mwaka. Mimi nashona mapazia na sare za shule, mapacha wangu wanauliza, "Baba anaumwa nini?" nami nazidi kukanyaga cherehani.

Aliyemtoa pale ukutani si mimi. Nasema hivyo bila wivu. Haya, kwa wivu kidogo. Rafiki yake wa chama cha wasioona alikuja na kompyuta kuukuu ya mkononi, ndani yake mna programu ya bure inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Na sauti yenyewe sasa! Mtu mwenye mafua anayeongea ndani ya ndoo. Mapacha walitoka mbio. Mume wangu akainuka kitandani, akavuta kiti, akaanza kubonyeza herufi moja moja, na ile sauti inamrudishia kila anachoandika. Jioni ile alikula chakula chake chote, akaomba kingine.

Akajifunza kuiongoza mashine kwa maandishi matupu. Kipanya ni cha wenye macho. Yeye huandika amri, mashine hujibu kwa maandishi, sauti humsomea jibu. Akitaka programu mpya haendi kwa fundi. Anaandika jina lake, nayo inakuja kwenye intaneti imefungwa kama kifurushi, inajifungua yenyewe na kujipanga mahali pake. Ile sauti akaiongezea mwendo mpaka mimi nikawa nasikia mafuta ya moto tu kwenye kikaango, yeye humo anasikia maneno. Ndipo akapata kazi kwenye baraza la usuluhishi, kule wanakopelekwa watu wanaogombea mipaka, mirathi na ndoa. Kikao kinarekodiwa, rekodi inaletwa kwake, anasikiliza na kuandika kila neno. Kule wanamwita Masikio. Asubuhi anavaa shati la kola, anatembea hatua chache kutoka chumbani kwenda kwenye kile kistoo chetu chenye meza, anafunga mlango. Amekwenda kazini, na ole wako umgongee.

Basi Alhamisi moja barazani wakaleta rekodi kutoka kwenye kinasa sauti kipya, na programu yake ikakataa kuifungua. Ilikuwa kesi ya ndugu wawili na ukuta uliojengwa katikati ya kiwanja cha baba yao. Kikao kingeendelea Jumatatu mchana, na maandishi yalitakiwa Jumatatu asubuhi. Akasema hilo dogo, programu zimezeeka tu, ataipandisha mashine nzima toleo jipya kwa mkupuo mmoja. Akaandika amri. Mashine ikauliza. Alichojibu unakijua. Vifurushi vikaanza kushuka, ile sauti inavihesabu kwa mafua yake, halafu katikati ya neno ikakatika.

"Mama Pacha!"

Nilikuwa nashona mkono wa gauni, nikauacha chini ya sindano nikakimbia. Namkuta kaziweka ngumi mbili mezani. "Imekuwa bubu. Niangalizie skrini imeandika nini."

Naangalia, skrini ni giza tupu. Nikamwambia imekufa kabisa. Nusu saa tukawa tunaizima na kuiwasha kama wendawazimu, mpaka akakumbuka kwamba mwanga wa skrini aliupunguza mpaka mwisho siku alipoipata, kwa sababu mwanga wa nini? Akabonyeza, ikawaka. Ala! Vumbi lililokuwa pale, ungepanda mchicha. Nikafuta kwa kipande cha kitambaa, maandishi yakatokea, mistari juu ya mistari, myeupe kwenye weusi.

Hapa lazima nikueleze sheria ya nyumba hii. Tangu alipopoteza macho mimi ndiye ninayemsomea magazeti, barua, karatasi za dawa. Na subira hana. Nikianza tu ananikatiza, "Kichwa na mkia tu, Mama Pacha, tumbo nitalijaza mwenyewe." Basi nikazoea. Namsomea mstari wa juu na mstari wa chini, ya kati anakisia, na mara nyingi anapatia, nisimnyime haki yake. Hata siku ile tulifanya hivyo hivyo. Akaandika amri ya kuitaka mashine ijirekebishe. Ikatapika maandishi skrini nzima. Nikasoma kichwa: inapanga orodha ya vifurushi. Nikasoma mkia: unataka kuendelea?

"Ndiyo," akasema, na kidole kikawa kimeshuka.

Tumboni sasa. Tumboni mlikuwa na majina ya vyote vitakavyoondolewa, na humo ndimo ilimokuwa programu yake ya kusoma, pamoja na zile zinazochora picha na madirisha ya skrini. Mashine ilimwambia waziwazi, kwa herufi zinazosomeka, kwamba itavitoa, ikamwomba ruhusa, akaitoa. Ilipowaka tena haikuwa na picha wala dirisha. Ulibaki weusi na kijistari kimoja kinachopepesa pembeni, basi.

Ijumaa asubuhi karani mkuu wa baraza akapiga simu. Mama mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watu wanaogombana. "Masikio, pole baba. Nimesikia mashine imekutupa. Sasa kwa nini tusimpe hii kazi mtu mwingine anayeona, nawe upumzike? Tena nimefikiria labda iwe hivyo moja kwa moja. Wao waandike, wewe uwe unasikiliza tu, unatukagulia."

Hakuwa na ubaya wowote, ndiyo maana iliuma. Nilimtazama mume wangu usoni nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona tena maisha yangu. Nikaona amechoka, uso umelegea, kichwa kinainama upande wa chumbani. Nikasema moyoni, Mungu wangu, akiingia kulala mchana huu, nimempoteza.

Akakohoa. "Jumatatu asubuhi utayapata maandishi yako, mama," akasema, akakata simu.

Tukamwita fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Kijana muungwana, aliangalia, akakuna kichwa, akasema kweli tupu: yeye dawa anayoijua ni kufuta kila kitu na kuweka upya, na hiyo programu ya kusoma kwa sauti hajawahi kuigusa. Labda wiki ijayo apate wa kumuuliza. Tukamshukuru, akaenda zake.

"Kaa hapa," mume wangu akaniambia. "Tunaanza. Nisomee mwisho wake."

"Sisomi mwisho."

"Mama Pacha, tafadhali, muda hatuna."

"Muda huo huo ndio uliotufikisha hapa! Nasoma kila mstari, wa juu mpaka wa chini, kichwa, shingo, tumbo na miguu. Hutaki, naenda zangu kushona. Na hilo neno ndiyo, kuanzia sasa, linapita kwangu kwanza."

Nilisema kwa hasira, sauti mpaka barabarani. Nilikuwa nimejaa mpaka hapa shingoni. Akapapasa meza kama anayetafuta kitu, kisha akasema kwa unyonge, "Haya, mwalimu."

"Usiniite mwalimu. Kaa sawa."

Kiingereza changu ni cha shule, kinachechemea lakini kinafika. Neno nisilolijua namtajia herufi moja moja. Yeye anafumba macho, sijui kwa nini maana hayana kazi, na analipanga kila neno kichwani kama alivyokuwa akipanga kurasa kiwandani. Nikimaliza ananirudishia yote bila kukosea. Halafu vidole vyake vinakimbia kwenye kibodi, mashine inajibu, nami naanza tena juu. Shingo iliniuma. Mteja mmoja alikuja kuulizia gauni lake nikamjibu dirishani bila kugeuka.

Kumbe vifurushi hivyo vina undugu bwana! Huyu hakai bila yule. Yule anamtaka wa tatu, lakini awe mpya, mzee hamtaki. Wa tatu yuko tayari kuja, ila kuna mmoja hasogei kumpisha. Ukimlazimisha, wote wanafunga mizigo wanaondoka. Nikamwambia, "Hii si kompyuta, hiki ni kikao cha mirathi." Akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi, na mimi nikapata nguvu.

"Basi tufanye kama barazani," akasema. "Tumtafute asiyetaka kusogea."

Alasiri ile aliandika amri fupi ya kuiuliza mashine ni vifurushi gani vimefungiwa visiguswe. Ikatoa mstari mmoja. Nikausoma. Akaondoa mikono kwenye kibodi akaiweka magotini.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Jina lilikuwa la ile sauti. Ya mafua.

"Nani kaifungia?" nikauliza.

"Mimi."

Akanieleza. Kuna siku zamani mashine ilijipandisha toleo, na asubuhi akasikia sauti nyingine. Alihangaika kutwa mpaka akairudisha yake, kisha akaiamuru mashine isije ikaigusa sauti ile tena, hata iweje. Akasahau. Sasa kila kitu kipya kilitaka sauti mpya, ya zamani haikubaliani nacho, na mashine, kwa utii wake, ikaona heri itimue wengine wote kuliko kumvunjia yeye amri. "Haina kosa," akasema. "Imefanya nilichoiambia."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Badala ya kuifungulia, akataka kwanza kujaribu njia ya nyuma, airudishe mashine nzima kwenye toleo la zamani ili sauti yake ibaki. Akaandika. Mashine ikatoa orodha ndefu kuliko zote, na chini ikauliza inachouliza siku zote. Nikawa naisoma, yeye kidole keshakiweka juu ya herufi ile ya kukubali.

"Toa mkono. Sijamaliza."

"Si najua kinachosema?"

"Hujui!" Nikamshika kifundo cha mkono. "Humu kuna kile unachoandikia. Kuna cha kusikilizia rekodi. Na hiki hapa, nakitaja, sikiliza." Nikamtajia herufi kwa herufi.

Akazirudia herufi zile kwa midomo. Kisha akasema polepole, "Hicho ndicho kinachoshika intaneti."

"Kikiondoka?"

"Hatuna pa kuvitolea vingine. Tunakuwa tumejifungia nje."

"Basi jibu."

Akahamisha kidole akabonyeza herufi ya kukataa, mwenyewe. Naapa sijawahi kumsikia mwanamume yule akikataa kitu alichoulizwa, na hapo nilitamani shangazi yangu awepo aone.

Akaegemea kiti. Nje watu wanapita, mtu anapiga nyundo mahali. "Unajua," akasema, "ile sauti ilinikuta nimekwisha. Nilikuwa nimelala pale nasema moyoni, mimi si mtu tena. Ikaja ikanisomea nilichoandika kwa mkono wangu. Wewe unaniona nina wazimu kuililia programu."

Sikumwona ana wazimu. Nilimwona mume wangu, na roho iliniuma. Lakini kulikuwa na ndugu wawili na ukuta wao, kulikuwa na yule mama mpole na simu yake, na nilijua tukianza kulia wote wawili hatutoki kwenye kistoo kile. Nikapiga moyo konde.

"Baba Pacha, sauti au kazi?"

"Kazi," akasema.

Akaandika amri ya kuifungulia ile sauti. Amri yenyewe fupi tu. Aliiandika bila kukosea, akabonyeza, mashine ikajibu kwa mstari mmoja kwamba imesikia.

Usidhani yaliisha hapo. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Vifurushi vikaanza kushuka, intaneti ikaisha katikati, nikaenda kununua nyingine nimevaa ndala za rangi mbili tofauti. Nikarudi, tukaendelea, kifurushi kimoja kikagoma nusu, hakikuingia wala hakikutoka. Nikasoma malalamiko yake yote, mume wangu akaiamuru mashine imalizie kila kilichoishia njiani kabla haijagusa kingine, ikakataa, akabadili, ikakataa, akabadili tena. Jumamosi asubuhi tukaamkia pale pale. Nilisoma mpaka sauti ikakauka, na kila mara tukifika mkiani, kwenye swali, alinigeuzia uso na kungoja. Nikisema ndiyo, anabonyeza ndiyo. Nikisema subiri, anasubiri. Katika ndoa yetu yote sijawahi kusikilizwa hivyo, na sitasema uongo, nilikuwa naona raha.

Adhuhuri haijafika, mistari ikapita mfululizo bila hata lawama moja. Akaizima, akaiwasha. Weusi ukaondoka, picha ikarudi, dirisha la kuingilia likakaa katikati na jina lake ndani.

"Imerudi," nikamwambia. "Naiona yote."

Akabonyeza vitufe vya kuamsha msomaji. Tukangoja. Ikaja sauti nyembamba, safi, isiyojua mafua ni nini, ikamwaga maneno kwa ule mwendo wake wa zamani. Akageuza sikio hivi, akageuza hivi. Hakuambulia kitu. Mtu aliyekuwa anasikia maneno ndani ya mafuta ya moto! Ilibidi aipunguze mwendo, na apunguze tena, mpaka mimi mwenyewe nikawa naelewa kila neno. Niliona aibu ikimpita usoni. Kisha akainua mabega, akaweka kisikilizio cha rekodi sikio moja, la pili akaliacha wazi kwa ajili ya sauti mpya.

Maandishi yalifika Jumatatu asubuhi, nakuambia mapema usikae roho juu. Yalifika yamekamilika, na karani akatuma rekodi nyingine bila kutaja tena habari ya mtu mwingine. Lakini ninachotaka ukijue ni cha Jumamosi ile ile.

"Haya mgeni," akaiambia mashine, "tuanze na hawa ndugu." Rekodi ikafunguka. Kaka mkubwa akaanza kueleza habari za ule ukuta, na mume wangu akaanza kuandika, polepole, anakosea, anafuta, ile sauti mpya inamtajia kila herufi nayo inafundishwa kungoja. Mimi nimesimama nyuma ya kiti chake, mkono kwenye egemeo, macho kwenye skrini. Kwa zile siku nilikuwa nimezoea. Mstari ukitokea tu, naushika. Akamaliza sentensi ya kwanza, nami, kabla ya ile sauti, nikaisoma kwa nguvu, kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho.

Akasimamisha rekodi.

"Mama Pacha."

"Abee."

"Unanipigia kelele. Nenda kashone, nina kazi."

Mwanamke mwingine angenuna. Mimi nilitoka, nikamfungia mlango taratibu, mume wangu amekwenda kazini, nikakaa kwenye cherehani yangu, nikalia mpaka kitambaa cha mteja kikalowa.